Mtandao wa njia za baiskeli Mombasa: kwa nini tulianzia darajani

Mchoro wa kwanza ulipendeza, na kupendeza kwake ndiko kulikotutia shaka. Ulianzia Fort Jesus, ukafuata bahari hadi bustani ya Mama Ngina iliyokarabatiwa mwaka 2019, ukapita kwenye mibuyu, ukatokea Nyerere Avenue, kisha ukarudi mjini kwa Moi Avenue chini ya Pembe za Ndovu. Upepo wa bahari, nafasi ya kutosha kwa sehemu kubwa ya safari, na wachuuzi wa kuhamishwa karibu hakuna. Kama shabaha ni picha ya kiongozi akikata utepe huku ameketi juu ya baiskeli, kazi ilikuwa imekwisha.

Shabaha ilikuwa nyingine. Kikundi chetu cha wapangaji miji wachache, wanafunzi wa uhandisi na mafundi baiskeli wa Majengo na Kisauni kilikuwa kinaandaa maoni ya maandishi ya kupeleka kwenye ushiriki wa umma. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na jambo lisiloingia humo huwa gumu kulipatia fedha baadaye. Swali tulilojipa ni hili: ikiwa Mombasa itapata fedha za awamu moja tu ya njia za baiskeli, zijengwe wapi ili awamu ya pili idaiwe na wananchi wenyewe?

Mafundi ndio waliotuondoa ufuoni. Wao wanazijua baiskeli za mji huu kwa pancha zake. Wateja wao ni mlinzi anayetoka zamu ya usiku Nyali, mwashi aliyefunga sanduku la vifaa nyuma, muuza mikate, muuza samaki mwenye ndoo kwenye keria, kibarua anayekwenda kutafuta siku yake kwenye maghala ya Shimanzi. Wengi wanaendesha zile baiskeli nzito za chuma ziitwazo Black Mamba, keria imeongezewa nondo na kuchomelewa upya. Asubuhi huwakuti Mama Ngina. Wanatoka Mishomoroni, Bombolulu, Mtopanga na Kongowea, na wote wanakuja kubanana mahali pamoja, Daraja la Nyali.

Ramani inaeleza sababu. Kisiwa kina takriban kilomita za mraba 14. Kaunti nzima ilihesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, na walio wengi wanalala bara: Kisauni, Nyali, Changamwe, Jomvu, Likoni. Ofisi, maghala, soko la Marikiti na sehemu kubwa ya biashara ziko kisiwani. Milango ya kuingilia ni michache: Nyali kaskazini, Makupa na Kipevu magharibi, kivuko cha Likoni kusini. Barabara ya Dongo Kundu inaunganisha bara na bara bila kukanyaga kisiwa. Inamfaa mwenye lori, lakini mwenye baiskeli anayekwenda Mwembe Tayari haimhusu. Katika mji wa nchi kavu, njia moja ikikatika, mpanda baiskeli huzungukia mtaa wa pili. Hapa mtaa wa pili ni maji.

Ndiyo maana ule utaratibu wa kawaida, wa kuanza katikati ya mji na kutanuka kuelekea nje, haukutufaa. Tuligeuza: tukaanza na milango, tukauliza kila mlango unadai nini ndani na nini nje.

Kabla ya kufika darajani, hesabu moja ilitusaidia kutuliza wenye hofu ya gharama. Wapangaji wa Uholanzi hupendelea kwamba ndani ya mji njia za baiskeli zisiachane kwa zaidi ya nusu kilomita hivi, ili mtu asizunguke sana kabla ya kuipata. Chora mistari ya kwenda na ya kukata kwa nafasi hiyo juu ya kilomita za mraba 14, unapata takriban kilomita 56. Nambari hiyo ikitamkwa kwenye mkutano, watu huanza kutazama saa. Lakini sehemu kubwa ya kilomita hizo haihitaji kujengwa. Mji wa Kale hauhitaji kitu. Ndia Kuu ni nyembamba kiasi kwamba gari lenyewe ndilo linaloomba njia. Mitaa ya ndani ya Majengo, Mwembe Kuku na Tudor inahitaji matuta yaliyojengwa vizuri na kasi ya kilomita 30 kwa saa, na hapo baiskeli na gari vitaishi pamoja. Watoto wa mitaa hiyo tayari hujifunza kuendesha humo kwa baiskeli za kukodi. Kinachodai njia iliyotengwa kwa ukingo ni zile barabara kubwa chache ambako sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa na matatu haijaisoma sheria.

Mchoro wa pili, basi, ulikuwa mfupi na mbaya wa sura. Kutoka Kengeleni upande wa bara, juu ya Daraja la Nyali, kushuka Buxton upande wa kisiwa, kisha matawi mawili: moja kwa Ronald Ngala Road hadi Saba Saba, kuelekea maghala, jingine kwa Abdel Nasser Road hadi Digo Road na Marikiti. Mitaa ya ndani ya pembeni iunganishwe na mstari huo kwa rangi, vibao na matuta tu. Na yote ijengwe kwa mkupuo mmoja.

Hilo la mkupuo mmoja tulilishikilia kwa sababu ya Seville, Uhispania. Ule ni mji wa tambarare na wa joto kali wakati wa kiangazi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baiskeli zilikuwa hazifikii hata safari moja katika kila 100. Manispaa ikajenga takriban kilomita 80 za njia zilizotengwa kati ya 2006 na 2007, zote zikiwa zimeungana, na kufikia 2010 mtandao ulikuwa kama kilomita 120. Sehemu ya baiskeli katika safari za mji ikapanda mara kadhaa ndani ya miaka michache. Kama wangejenga kilomita tano kila mwaka wa uchaguzi, vipande visingekutana kwa muda mrefu na magazeti yangekuwa na haki ya kuuliza njia tupu ni za nani. Mtu hapimi usalama wa safari yake kwa wastani. Anaupima kwa pale mahali pabaya kuliko pote, na akishapaogopa hapo, kilomita nne nzuri zilizobaki hazimtoi nyumbani.

Mahali pabaya kuliko pote ni juu ya daraja. Daraja la Nyali lilifunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Lina njia sita za magari. Mwenye baiskeli leo ana chaguo mbili: ashikilie ukingo wa njia ya kushoto huku matatu ikimpumulia mgongoni kwenye mwinuko, au ashuke na kuisukuma kwenye kijia cha waenda kwa miguu, ambacho saa moja asubuhi kimejaa watu. Wakati wa kusi upepo unapiga kutoka ubavuni, na aliyebeba mzigo mrefu kwenye keria hulazimika kuuhesabu upepo kama gari jingine.

Tulipima chaguo tatu. Ya kwanza, kuning'iniza kijia kipya nje ya ubavu wa daraja. Ni safi, haimnyang'anyi mtu kitu, na kwa sababu hiyo kila mkutano hukipenda. Lakini inahitaji wahandisi wapime upya uzito ambao nguzo na boriti zinaweza kubeba, na ni aina ya mradi unaoweza kukaa kwenye jalada miaka kumi huku kila mtu akisema unaendelea. Ya pili, kubana njia za magari. Kama njia ya mita 3.5 itapunguzwa hadi 3.0, kila upande wenye njia tatu utatoa mita 1.5. Inatosha baiskeli moja peke yake, haitoshi kumpita mwingine aliyebeba. Ya tatu, kuchukua njia nzima moja.

Tulichagua ya tatu, na hapa ndipo ugomvi ulipoanza, hata miongoni mwetu. Hoja dhidi yake inajulikana: foleni ya Nyali tayari ni ndefu, nyinyi mnataka kuirefusha. Jibu liko kwenye ncha za daraja. Njia moja ya magari isiyokatizwa inaweza kupitisha kama magari 1,800 kwa saa. Ikifika kwenye taa zinazoipa kijani asilimia 40 ya muda, kinachopita ni kama 720. Foleni inaamuliwa na makutano ya Buxton na ya Kengeleni. Daraja katikati ni ghala la kusubiria. Ukipunguza upana wa ghala bila kugusa mlango wake, gari linasubiri mahali tofauti, lakini halichelewi kwa kiasi ambacho macho yanadhani. Sisemi dereva hatachelewa kabisa. Nasema uchungu wake unatibiwa Buxton, kwa kupanga vizuri awamu za taa na kuondoa matatu zinazopakia kwenye kona, kabla ya kulaumu njia ya baiskeli.

Kisha tukabishana kama tuchukue njia mbili, moja kila upande, au moja tu ya kupitia pande zote mbili. Wanafunzi walikuwa na vitabu upande wao: njia ya kwenda na kurudi iliyo upande mmoja wa barabara ni hatari kwenye makutano, kwa kuwa dereva anayekata kona hatazamii baiskeli inayotoka upande usio wake. Ni kweli. Ila juu ya daraja hakuna makutano hata moja. Mafundi wakaongeza la kwao, kwamba hata ukiweka njia kila upande, anayetoka Shimanzi na haraka yake atapita ile iliyo karibu, kinyume au sawa. Tukakubaliana: juu ya daraja njia moja ya kwenda na kurudi, ukingo wa nusu mita na mita tatu za kupita, na kwenye ncha zote mbili taa yenye awamu ya baiskeli na miguu ili watu wagawanyike kwenda pande zao magari yakiwa yamesimama. Jaribio la kwanza lifanywe kwa vizuizi vya plastiki vinavyojazwa maji. Vikikosa kufanya kazi, lori moja linaviondoa kwa usiku mmoja, na ahadi hiyo ndiyo iliyowatuliza wenye shaka kuliko mchoro wowote.

Buxton nayo ilitaka mchoro wake peke yake. Kona zake zifinywe ili gari linalokata lipunguze mwendo bila kuambiwa. Mstari wa kusimama magari urudishwe nyuma mita kadhaa, dereva wa lori awaone waliosimama mbele yake. Kituo cha matatu kisikate njia ya baiskeli: njia ipite nyuma ya kituo, abiria washukie kwenye kisiwa kidogo cha zege, wavuke njia ya baiskeli wakiwa tayari wako miguuni na macho wazi. Kituo kikibaki kilivyo, matatu itaingia njiani mara kila dakika, na njia itakuwa imekufa kabla rangi haijakauka.

Lakini jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni upana wa nafasi kati ya nguzo. Linasikika dogo. Njia yoyote iliyotengwa Mombasa itaingiliwa na tuktuk isipozuiwa, na tuktuk ya kawaida ina upana wa mita 1.3. Weka nguzo kwa nafasi ya mita 1.5, kama michoro mingi ya nje inavyoonyesha, na tuktuk inapita ikiimba. Weka mita 1.2 na tuktuk inakwama, ila mikokoteni mingi nayo inakwama. Na bodaboda hupita popote baiskeli inapopita, nguzo au bila nguzo. Kumzuia yeye kwa chuma ni kujidanganya.

Je, mkokoteni uingie? Wapangaji wengi wangesema hapana haraka haraka. Mimi naona mkokoteni ndio mshirika wetu mkubwa. Mwenye mkokoteni wa maji au wa mizigo ya Kongowea leo yuko katikati ya barabara, anapigiwa honi na kila mtu, na ni mwepesi kuliko sisi kusimama kwenye mkutano na kudai njia. Kumtoa kwenye njia mpya ni kutengeneza adui ambaye kesho ataegesha juu yake. Kumwingiza kuna gharama: yeye hutembea kwa mwendo wa miguu, na baiskeli lazima iwe na nafasi ya kumpita. Kwenye matawi ya Ronald Ngala na Abdel Nasser tukaandika upana wa mita 2.5 kwa kila upande badala ya 2. Kwenye viingilio tukaacha nguzo na kutumia ukingo wa juu pamoja na kona ya kuingilia iliyopinda, ambayo mkokoteni unaigeuza kwa kuinuliwa na tuktuk haiwezi kuigeuza bila kurudi nyuma. Hakuna aliyedai kwamba ni suluhisho kamili. Mafundi walisema dereva wa tuktuk akitaka sana ataingia. Kwa bodaboda tuliandika ukweli: njia itabaki safi pale tu barabara ya magari itakapokuwa inasonga, na askari wa kaunti watakapokuwa Buxton katika saa mbili za msongamano wa asubuhi.

Mvua na jua tulivimaliza haraka. Vifuniko vya mitaro viwe na matundu yanayokata njia kwa upana, kwa sababu yaliyolala kwa urefu hunasa tairi jembamba na kumrusha mtu. Chuma kisichopakwa zinki hakidumu kwenye hewa ya chumvi, hivyo vifuniko viwe vya zege. Kivuli ni mwarobaini, unaostahimili ukame wa pwani na mizizi yake haina haja ya kubembelezwa. Upandwe upande wa magharibi wa njia ambako jua la alasiri ndilo linaloua.

Umiliki wa barabara ndio uliogawa maandishi yetu vipande viwili. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Daraja liko kwenye barabara kuu ya taifa kuelekea Malindi, chini ya mamlaka ya barabara kuu. Kaunti inaweza kuandika njia ya baiskeli juu ya daraja hilo mara mia bila kuruhusiwa kuweka hata kizuizi kimoja cha plastiki. Kwa hiyo barua ya daraja ilikwenda kwenye mamlaka, ikiomba kibali cha jaribio tu, na ya matawi ikaenda kaunti. Tulisisitiza kaunti isianze matawi kabla ya kibali. Hilo lilionekana la ajabu kwa baadhi ya maofisa waliotusikiliza, kwamba wananchi wanaomba kitu kisijengwe kwanza. Matawi bila daraja ni njia za kutoka Buxton kwenda Marikiti, safari ambayo watu huimaliza kwa miguu.

Likoni tuliiacha nje ya awamu ya kwanza, na tulilaumiwa. Kivuko hubeba mamia ya maelfu ya watu kwa siku, na daraja la kuelea la Liwatoni lililofunguliwa 2021 lilikuwa la waenda kwa miguu. Tatizo la Likoni halianzii barabarani, linaanzia kwenye mteremko wa kupandia feri. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa kuliko kawaida, bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na maji yakikupwa mteremko unakuwa mkali na wenye utelezi. Hapo mwenye baiskeli yenye mzigo anashuka katikati ya umati unaokimbia. Dawa yake ni lango na mkondo wa kusubiria wa baiskeli, wapande kabla au baada ya umati, na hilo ni suala la uendeshaji wa feri zaidi ya ujenzi. Ikipatikana, ule mchoro wa kwanza wa ufuoni unapata kazi ya kweli, maana Mama Ngina ndiyo njia tulivu ya kutoka Likoni kuingia mjini.

Makupa ilikuwa ngumu zaidi. Daraja jipya lilifunguliwa 2022 badala ya tuta la zamani, na ungedhani hapo ndipo pa kuanzia, pangali papya. Lakini ukishavuka unamwagwa Kibarani, kwenye barabara ya malori ya Nairobi, na hakuna mtaa tulivu wa kukupokea hadi uingie ndani ya Changamwe. Kumwelekeza mtu huko kwa kibao cha baiskeli ni kumtia mtegoni. Tuliichora kwa nukta, na tukaandika sharti: nukta zitakuwa mstari siku njia ya pembeni itakapofika Changamwe bila kukatika.

Kipengele cha mwisho cha maandishi yetu kilihusu namna jaribio la daraja litakavyohesabiwa. Watu wahesabiwe mara mbili, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, nje ya Ramadhani kwa sababu saa za mji huhama. Wahesabiwe Kengeleni na Buxton kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na mikokoteni iandikwe safu yake. Wanaosukuma baiskeli kwenye kijia waandikwe tofauti na wanaoendesha. Na wanawake na watoto wa shule wapewe safu yao pia, kwa kuwa idadi yao hupanda tu njia inapoaminika, wakati wanaume wenye mizigo watavuka vyovyote itakavyokuwa.